SAUTI YA MSIMULIZI NI YA NANI?

Ubishi wa watazamaji juu ya sauti ya msimulizi katika filamu za sanaa haukuanza leo, wala hautakwisha kesho. Katika visiwa hivi, ambako tangu mwaka 1998 tamasha la kimataifa la filamu limewakutanisha wananchi na wageni, jambo hili linatuhusu zaidi ya wengi wanavyodhani. Wapo wanaoipenda sauti hiyo isiyoonekana mwenyewe, na wapo wasiotaka hata kuisikia. Ni haki pande zote mbili zisikilizwe kabla ya hukumu kutolewa.

Wanaoipinga husema kwamba picha yenyewe ni maneno. Ikiwa mtazamaji anayaona machozi, ya nini tena kuambiwa kwamba huyu analia? Kwao, mtengenezaji aliyeshindwa kuonyesha ndiye anayekimbilia kueleza. Hutoa mfano wa filamu ya Kimarekani Blade Runner, iliyotoka mwaka 1982 ikiwa na masimulizi ya mhusika mkuu. Toleo la mwaka 1992 liliyaondoa, na wengi wakaona kazi imepata nafuu.

Wanaoitetea nao hawakosi hoja. Uso wa binadamu huficha mengi, na moyo una maneno ambayo ulimi hauthubutu kuyatoa. Tena, watu waliolelewa kwa paukwa na pakawa hawawezi kuona ajabu msimulizi akiwa ndani ya hadithi, kwani kwetu hadithi bila msimuliaji haijapata kuwako.

Kwa maoni yetu, hakuna filamu inayoudhihirisha ugomvi huu kama La Noire de..., aliyoitoa Ousmane Sembène wa Senegal mwaka 1966. Diouana, msichana wa Dakar, anachukuliwa kwenda Antibes, kusini mwa Ufaransa, akidhani anakwenda kulea watoto. Kumbe anafanywa mtumishi wa kupika na kufua, asiyeona nje ila kwa dirisha. Mbele ya mabwana zake hutamka maneno machache tu ya kuitikia. Ndani ya nafsi yake, hata hivyo, tunaisikia sauti yake ikiuliza, ikikumbuka na ikikasirika, hadi anapoamua kujitoa roho.

Hapo watazamaji hugawanyika. Sauti ile ni ya Kifaransa fasaha, lugha ambayo Diouana mwenyewe haimudu, na aliyeisema si mwigizaji tunayemwona, Mbissine Thérèse Diop, bali Toto Bissainthe, msanii wa Haiti. Wengine huona kwamba msichana amenyang'anywa hata lugha ya mawazo yake. Wengine hujibu kwamba pasipo sauti ile tungemwona kama mabwana zake walivyomwona: kijakazi bubu. Sisi tunaona kwamba wote wamesema kweli. Sembène mwenyewe, katika Mandabi ya mwaka 1968, aliwapa wahusika wake Kiwolofu, lugha ya nyumbani kwao.

Basi swali la msingi si kama sauti iwepo au isiwepo. Swali ni nani anasema, kwa niaba ya nani, na kwa lugha gani. Historia ya sehemu zetu inalithibitisha hilo. Kati ya miaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, wakoloni waliendesha majaribio ya filamu za kuwafunza Waafrika, na maelezo yake yakatiwa katika sahani za santuri kwa lugha za wenyeji. Lugha ilikuwa ya mwananchi, lakini neno la mwisho lilikuwa la bwana. Kwa hiyo lugha peke yake haitoshi.

Nayo Sans Soleil ya Mfaransa Chris Marker, iliyotoka mwaka 1983, inapowaonyesha wanawake wa sokoni wa visiwa vya Cape Verde, anayesikika ni mwanamke anayesoma barua za msafiri. Barua zile ni nzuri mno, na msafiri ana unyenyekevu wa kukiri kwamba anatazama na kutazamwa. Hata hivyo, mkaazi wa kisiwa ana haki ya kuuliza: yule mama wa sokoni angesema nini kama angeulizwa?

Visiwa vyetu hupigwa picha kila siku. Bahari yetu, milango yetu na wakulima wetu wa mwani huonekana duniani, mara nyingi chini ya sauti ya mtu aliyekaa nasi siku chache. Hatupendekezi wageni wafukuzwe, wala msimulizi apigwe marufuku. Tunawaomba wakuu wanaohusika, wanapotoa vibali vya kupiga picha, wahimize wenyeji wasikike kwa vinywa vyao, na nakala ya Kiswahili ya kila filamu iachwe hapa ili waliopigwa picha waione. Tunaomba pia vijana wetu wafunzwe kuandika masimulizi na kutafsiri, kwa kuwa kazi hiyo ni sanaa kamili.

Watazamaji na waendelee kubishana, maana ubishi wa namna hiyo ni dalili ya uhai. Lakini kisiwa kisichojisimulia kitasimuliwa, na kitakapochukizwa na kilichosemwa, kitakuwa kimechelewa kujibu.