Komeo la Bunduki na Namba Yake

Wakamba wa Machakos waliandikishwa kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, ambamo bunduki ya Lee-Enfield ilitumika sana. Kiungo chake kikuu ni komeo. Jina hilo laafiki, maana huziba chumba cha risasi mithili ya komeo la mlango.

Mwenye cheti kinachotakiwa na Sheria ya Silaha, anaposafisha bunduki ya namna hii nyumbani, kwanza huondoa risasi zote na kukagua chumba. Kisha huvuta komeo nyuma, hukiinua kichwa chake, akalichomoa. Kichwa hufunguliwa kwa kuzungushwa kama parafujo. Pini ya kupigia huhitaji chombo maalumu, na ni heri aiache. Risasi za zamani huacha chumvi isiyoondolewa na mafuta. Huoshwa kwa maji moto, chuma kikakaushwa ndipo kikapakwa mafuta.

Hatari kubwa, hata hivyo, ni kuchanganya makomeo. Kila komeo lililinganishwa na bunduki moja, na namba ya bunduki hiyo ikachapwa kwenye mkono wake. Likitiwa la bunduki nyingine, huenda nafasi nyuma ya ganda ikazidi, ganda likapasuka, na gesi ikamrukia mpigaji machoni.