Malkia mpole usimtafute mbali

Wauza asali wenye mizinga yenu, mnaniuliza sana malkia wapole wanauzwa wapi. Kabla hujatuma hela kwa mtu usiyemjua, kagua kwako kwanza.

Nyuki wetu ni wakali, sawa, ila wanachapa kazi. Brazili walichukua malkia Afrika mwaka 1956 kwa sababu hiyo hiyo. Na mizinga hailingani. Mmoja ukiufungua kwa moshi kidogo wametulia kwenye masega, mwingine wanakufukuza mpaka kwa jirani, na jirani akichoka huna biashara. Andika msimu mzima: upi mpole, upi unajaa asali. Unaoshinda kwa yote mawili ndio wa kugawa.

Maua yakiwa mengi, hamishia kwenye mzinga mtupu masega yenye mayai mapya pamoja na nyuki waliopo juu yake, malkia abaki kwake. Bila mayai hawana cha kulea. Malkia mpya anatoka siku kama 16 tangu yai litagwe. Hapo usifungue-fungue, mwache aende kupandwa angani arudi atage.

Huko angani anapandwa na madume wengi, wa mizinga usiyoijua. Kwa hiyo wanawe wakitoka wakali, ukigawa tena usianzie kwake.