Usiku mmoja Bole: hoteli ya kati huonekana alfajiri

Ndege za shirika la Ethiopian hutoka Bole, kiwanja cha ndege cha Addis Ababa, kwa makundi. Kundi kubwa la usiku huelekea Ulaya, Asia na Marekani. La asubuhi hutawanyika kwenda miji ya Afrika. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetoka Guangzhou, mwanafunzi wa Kigali anayerudi Toronto, familia ya Lubumbashi inayokwenda harusini Brussels, wote hupita mlango huo mmoja. Ambaye kundi lake limeshaondoka hana budi kulala Addis Ababa.

Shirika lenyewe, linaloruka tangu 1946, kwa kawaida humlipia hoteli abiria anayesubiri kati ya saa 8 na 24, mradi tiketi yake ni moja na hapakuwa na ndege ya mapema zaidi ya kumuunganisha. Aliyekata tiketi mbili mbalimbali ili aokoe fedha hujilipia mwenyewe, na viza ni juu yake. Mkenya haihitaji, wengine waiombe mapema mtandaoni. Makala haya ni ya hao wanaojilipia.

Hoteli za daraja la kati zimejaa mitaa ya Bole, mwendo mfupi tu kutoka kiwanjani. Ukiwa na dola kati ya 40 na 100 hukosi chumba. Picha za mtandaoni zote zinafanana: kitanda kipana, shuka nyeupe, taulo iliyokunjwa ikawa bata. Achana na bata. Hoteli ya kulala saa chache huhukumiwa kwa watu wake wa zamu ya usiku, maana mchana wake wewe huuoni.

Piga hesabu. Ndege imetua saa 2 usiku, nyingine inaondoka saa 3 na nusu asubuhi. Kwenye karatasi una saa 13 na nusu. Toa foleni ya uhamiaji, toa kulisubiri gari la hoteli, kisha toa saa 3 za kuwahi kiwanjani, kwani Bole abiria na mizigo yake hupekuliwa tangu mlangoni, viatu mkononi, na hupekuliwa tena mbele. Unabaki na saa 8 za hotelini, na ndani yake unatakiwa kuoga, kula, kulala na kuamka.

Kuamka ndiko kwenye mtego. Wahabeshi huhesabu saa kama sisi: jua likichomoza ni saa 12, na saa moja ya asubuhi ni moja kweli. Mzungu huchanganyikiwa, Mswahili angepaswa kuwa nyumbani. Tatizo ni kwamba pale mapokezi mnazungumza Kiingereza. Wewe unataka kuamshwa saa 10 alfajiri, unaigeuza kichwani na kumwambia dada wa mapokezi “four”. Naye, kama amezoea wageni, anajua unachokusudia. Kama hajazoea, anaandika 4 ya kwao, ambayo ni saa 4 asubuhi, na wakati huo ndege yako imeshaondoka. Wazoefu wa mapokezi huuliza wenyewe: saa za kwenu au za kwetu? Asipouliza, uliza wewe, na umwonyeshe saa kwenye simu.

Kama begi kubwa linabaki kiwanjani hadi mwisho wa safari, la mkononi libebe sweta. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Mombasa au Unguja anayeshuka na fulana hujuta kabla hajafika kwenye gari. Ngazi mbili tu zinamtwetesha kijana mzima. Vyumba vingi vya kati havina kiyoyozi, wala hakihitajiki. Kinachohitajika ni blanketi la pili na maji ya moto. Fungua bomba la moto kabla hujavua nguo. Kama maji hayapati moto, tafuta swichi ya hita, ambayo mara nyingine imewekwa nje ya mlango wa bafu, na uiwashe kabla ya kushuka kula.

Chakula hakina taabu. Jumatano na Ijumaa, na katika misimu yao mirefu ya mfungo, Wakristo wa Kiorthodoksi hawagusi nyama wala maziwa, kwa hiyo mikahawa hupika vyakula vya mfungo: injera pana yenye shiro, dengu, sukuma na viazisukari vyekundu. Kwa msafiri Mwislamu hiyo ni faraja. Huko Wakristo na Waislamu kwa desturi kila mmoja hula nyama iliyochinjwa na wa kwao, na usiku wa manane si wakati wa kwenda kuuliza nani kachinja. Agiza sahani ya mfungo.

Ukikuta kona ya kahawa bado iko wazi, keti. Mama ana kigoda na jiko la mkaa, anakaanga buni mbichi kwenye kikaango kidogo hadi zing’ae, kisha anakizungusha ili kila mgeni auvute moshi kwa kiganja. Anazitwanga, anachemsha ndani ya jebena, chungu cheusi chenye shingo nyembamba, na kumimina kutoka juu bila kumwaga tone. Bisi huletwa pembeni. Mizunguko ni mitatu: abol, tona, bereka. Wa kwanza unatosha mtu anayetaka kulala; kuondoka baada ya huo si adabu sana, lakini msafiri husamehewa.

Ukiwa na mchana mzima badala ya usiku, usijifungie chumbani. Nenda Makumbusho ya Taifa ukaone nakala ya mifupa ya Lucy, aliyefukuliwa Afar mwaka 1974, mwenye umri wa miaka milioni 3.2. Anza safari ya kurudi mapema, kwa sababu ya foleni za magari.

Ukisubiri chini ya saa 6, hoteli ni hasara, baki kiwanjani. Zaidi ya hapo inalipa. Kabla hujatoa fedha piga simu usiku, si mchana, uulize gari la kiwanjani linaondoka saa ngapi alfajiri na kama mtapewa chai kabla yake. Wakijibu papo hapo, lipa. Simu isipopokelewa, tafuta hoteli nyingine.