Shampeni ya Sendofu: Unalipia Mapovu ya Aina Gani?

Siku hizi kwa wengi sendofu bila kufungua shampeni haijakamilika. Iwe Dar, Kasulu au Kibondo, emsii ataita, kizibo kitaruka na vigelegele vitafuata. Lakini kamati imelipia nini?

Kwetu kila chupa inayolia "pwaa!" ni shampeni. Kumbe zingine ni juisi ya zabibu iliyotiwa gesi kama soda. Zingine ni mvinyo uliotolewa mapovu kwenye tangi kubwa, kama Prosecco nyingi za Italia. Shampeni yenyewe hutoka Champagne, Ufaransa. Ila ana binamu Mwitalia ambaye wengi hatumjui: Franciacorta.

Mapovu yanatoka wapi?

Watu wa Kasulu, ninyi hili mnalijua. Ndizi mbivu zinakamuliwa, juisi inachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku moja au mbili inatoa povu. Hamira inakula sukari, inatoa kilevi na gesi. Chombo kiko wazi, hivyo gesi inaondoka zake, na pombe inabidi inywewe mapema.

Huko Franciacorta, kwenye vilima vya kusini mwa ziwa Iseo, mkoa wa Brescia, gesi haipewi nafasi ya kutoroka. Mvinyo uliokwisha kuchacha unatiwa kwenye chupa nene pamoja na sukari kidogo na hamira, unafungwa, unachacha tena humohumo. Presha ndani inazidi mara mbili ile ya tairi la gari dogo! Unakaa na mashapo yake miezi isiyopungua 18. Ule wa "Riserva" miezi 60. Mwishowe chupa inainamishwa mpaka mashapo yashuke shingoni, shingo inagandishwa, uchafu unatolewa, kizibo kinawekwa. Hapo ndipo bei inapopanda.

Kazi hii waliianza mwaka 1961, Franco Ziliani akiwa na Guido Berlucchi. Mwaka 1995 ikapewa DOCG, daraja la juu la mvinyo Italia.

Kabla hamjanunua

1. Someni lebo. "Franciacorta", "Metodo Classico", au "Cap Classique" ya Afrika Kusini maana yake mapovu yamezaliwa ndani ya chupa.

2. Msidanganywe na jina. "Extra Dry" ina sukari kuliko "Brut". Mnaopenda utamu, tafuteni "Demi-Sec".

3. Ipozeni kwenye ndoo ya barafu na maji. Shika kizibo, zungusha chupa, na usiielekeze kwa mtu. Jicho halina spea!

Bajeti ikibana, msione haya. Juisi ya gesi inatosha kwa povu la picha, na wazee wapate pombe yao ya ndizi. Chupa moja nzuri ifichwe pembeni, muifungue wawili tu, wageni wakishaondoka.