Arsenic and Old Lace (filamu)

Arsenic and Old Lace ni filamu ya vichekesho ya Marekani ya mwaka 1944 iliyoongozwa na Frank Capra. Imetokana na tamthilia ya Joseph Kesselring kuhusu kina dada wawili wazee wa Brooklyn ambao, kwa huruma tu, huwanywesha wanaume wapweke divai yenye sumu.

Filamu ilipigwa mwaka 1941, lakini mkataba ulizuia isionyeshwe kabla tamthilia haijamaliza muda wake Broadway. Tamthilia ikapendwa mno, ikachezwa mara 1,444, na filamu ikasubiri hadi 1944. Boris Karloff, kivutio kikubwa cha jukwaani, hakuruhusiwa kwenda kupiga filamu; nafasi yake alipewa Raymond Massey. Ule utani kwamba muuaji anafanana na Karloff ukabaki, ingawa jukwaani ulichekesha zaidi kwa sababu aliyeambiwa hivyo alikuwa Karloff mwenyewe.

Watazamaji waliipokea vizuri, lakini haikuteuliwa kuwania Tuzo ya Oscar hata moja. Mhusika mkuu, Cary Grant, hakuupenda uigizaji wake humo: aliona ametia chumvi kupita kiasi. Hata hivyo, mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Marekani iliiweka nafasi ya 30 kati ya filamu 100 za vichekesho za nchi hiyo.