Tununue Lenzi Ipi ya Kutazamia Sayari?

Wahenga walinena kuwa mtaka yote hukosa yote, na methali hii ingefaa kuandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kasha la darubini yetu. Tangu ifike shuleni, swali ni moja tu: "Inakuza mara ngapi?" Sasa tumechanga pesa za kununua lenzi moja mpya, na wengi wanaitaka ya milimita 4, eti ndiyo kali. Wengine wanadai darubini yenyewe haifai, irudishwe stoo. Mimi nawapinga wote, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza tuelewane. Mbele ya darubini kuna kioo kikubwa kinachokusanya mwanga. Nyuma kuna lenzi ndogo unayoiwekea jicho, ambayo hutolewa na kubadilishwa. Hiyo tuiite lenzi ya jicho. Darubini yetu imeandikwa 70 na 700, yaani upana wa kioo chake ni milimita 70 na urefu wa fokasi ni milimita 700. Kila lenzi ya jicho nayo ina urefu wake wa fokasi. Ukitaka kujua ukuzaji, gawanya namba kubwa kwa ndogo. Lenzi yetu ya milimita 25 hukuza mara 28, na ya milimita 10 hukuza mara 70. Hiyo ya milimita 4 itakuza mara 175. Kumbe lenzi yenye namba ndogo ndiyo inayokuza zaidi!

"Si basi tuchukue hiyo ya 175?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Mwanga unaoingia ni ule ule wa kioo cha milimita 70. Unapokuza picha unautandaza tu, kama mpishi anayeongeza maji kwenye sufuria ya maharagwe: sahani zitajaa, lakini maharagwe ni yale yale. Kutoka mara 70 hadi mara 175, eneo la picha huongezeka zaidi ya mara 6, na mng'ao wake hufifia kwa kiasi hicho hicho. Tena kioo kidogo kina kikomo cha mambo madogo kinachoweza kuyatenganisha. Kanuni ya watazamaji ni rahisi: zidisha upana wa kioo kwa 2. Kwetu sisi kikomo ni mara 140. Ukipita hapo utaona sayari kubwa, lakini ya ukungu.

Pili, dunia inazunguka, nayo darubini yetu haina mota. Anga husogea digrii 1 kila dakika 4. Kwa lenzi ya kawaida, sayari hukatiza picha kwa dakika 7 hivi ukikuza mara 28, na chini ya dakika 3 ukikuza mara 70. Ukikuza mara 175, ni dakika moja na ushei. Fikirieni foleni ya watu thelathini! Wa kwanza anachungulia, wa pili anakuta giza, kisha lawama zinaiangukia darubini.

Tatu, kuna hewa. Usiku wa mapema, paa la mabati lililochomwa na jua mchana kutwa hutoa joto, na sayari iliyo juu yake hutetemeka kama iko ndani ya maji. Tusimame uwanjani, mbali na madarasa, tungoje sayari ipande juu. Hapa karibu na ikweta tumebarikiwa, kwani sayari hupita juu sana angani.

Je, tutaona nini? Kwa mara 28 tu utaiona miezi minne ya Mshtarii, ambayo wengi mnaiita Jupita. Galileo aliigundua Januari 1610 kwa darubini iliyokuza kama mara 20! Kwa mara 70 utaona mikanda miwili myeusi ya Mshtarii, na Zuhura ikiwa na umbo la mwezi mwandamo inapokaribia Dunia. Pete ya Zohali pia huonekana. Mnamo Machi 2025 ilitugeuzia ukingo wake ikawa nyembamba kama uzi, na tangu hapo imeanza kufunguka tena mwaka hadi mwaka.

Basi tununue ipi? Pendekezo langu ni lenzi ya aina ya Plössl ya milimita 7.5. Itakuza mara 93, juu ya tulizo nazo na chini ya kikomo. Plössl ina vioo vinne na hutoa picha safi kuliko zile lenzi rahisi zenye herufi H. Kasoro yake moja tunaijua sisi wavaa miwani: jicho lazima lisogee karibu sana, kama milimita 5. Lakini kama shida yako ni kutoona mbali au karibu tu, vua miwani na uzungushe kirekebishi mpaka picha itulie. Kabla ya kulipa, tupime mdomo wa darubini. Lenzi nyingi ni za inchi 1.25, ila darubini nyingine za zamani ni za inchi 0.965, na haziingiliani.

Jambo la mwisho si la mzaha. Usielekeze darubini kwenye jua kamwe. Utapofuka kufumba na kufumbua. Na ukikuta kile kichujio cheusi cha jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, kitupe. Joto hukipasua ghafla jicho likiwa pale pale.

Mkutano ujao tutapiga kura. Yangu mmeisikia: milimita 7.5, na darubini isirudi stoo. Ukitaka kunipinga, karibu, lakini njoo na hesabu yako mkononi.