Riwaya Moja, Swali Moja: Kupanga Masomo ya Kiingereza Katika Nyanda za Kibondo

Mtu ashikaye njia itokayo Kigoma kupitia Kasulu kwenda Kibondo, katika nyanda za juu ambazo wenyeji wake ni Waha, hukuta shule za namna mbili, zilizo jirani kwa masafa na mbali kwa mtaala. Vijijini na mijini, mtoto wa Kitanzania husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akiingia Kidato cha Kwanza hukuta masomo karibu yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Na katika kambi ya Nduta, iliyofunguliwa tena mwezi Oktoba 2015 kupokea wakimbizi wa Burundi baada ya kambi ya Nyarugusu kufurika, mtoto hufuata mtaala wa nchi aliyotoka, ambao umejengwa juu ya Kirundi na Kifaransa, na Kiingereza na Kiswahili vikaongezwa juu yake. Mwaka wa masomo wa mtoto wa Kitanzania huanza Januari, na wa yule wa kambini Septemba. Walakini watoto hao wawili, wakiwa katika umri wa miaka 12 hadi 16, husimama mbele ya kizingiti kimoja: wanatakiwa kusoma kitabu kizima kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao, na wanatakiwa kuandika kwa lugha hiyo jambo walilolichunguza wenyewe.

Aghalabu kazi hizo mbili hufundishwa kana kwamba hazijuani. Riwaya husomwa ili mwanafunzi aweze kutaja wahusika na kueleza nani alimtenda nani nini. Na insha ya utafiti, pale inapofundishwa, huanza kwa mwalimu kuandika ubaoni neno pana kama Mazingira au Elimu, naye mwanafunzi, kwa kuwa hana pa kuanzia, hunakili alichokikuta katika kitabu kingine na kukirejesha mezani kwa mwalimu kikiwa na jina lake juu. Simlaumu mtoto huyo, kwa sababu hakupewa swali. Alipewa neno tu, na neno halina mlango wa kuingilia. Muradi wa makala haya ni kuonyesha kwamba riwaya na utafiti ni kazi moja yenye hatua mbili: riwaya huzaa swali, swali humpeleka mwanafunzi kwa watu, na majibu ya watu humrudisha katika karatasi akiwa na jambo lake mwenyewe la kusema.

Tuanze na kitabu. Kwa madarasa ya mwanzo ya sekondari walimu wengi wa Tanzania wanavifahamu vitabu vifupi vya Richard Mabala, Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, na kwa darasa ambalo Kiingereza chake bado ni kichanga hivyo vinafaa sana. Kwa wanafunzi waliokwisha kupiga hatua, mimi huchagua Weep Not, Child, riwaya ambayo Ngugi wa Thiong'o aliiandika alipokuwa mwanafunzi wa Makerere, ikachapishwa mwaka 1964 kwa jina alilokuwa akilitumia wakati ule, James Ngugi. Sentensi zake ni fupi, maneno yake ni mepesi, na mambo yake yako karibu na mioyo ya watu wa nyanda hizi. Mwanzoni kabisa mama yake Njoroge, mhusika mkuu, anamuuliza kijana wake kama angependa kwenda shule, naye anamkumbusha kwamba wao ni maskini na huenda asipate chakula cha mchana. Mwanafunzi wa Kibondo au wa Nduta aliyetoka nyumbani na kikombe kimoja cha uji haelezwi maana ya ukurasa huo, hueleza yeye.

Hadhari moja haina budi kutajwa mapema. Riwaya hiyo ina sehemu mbili, na sehemu ya pili, inayosimulia miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952, ina mateso, mauaji, na kijana anayefikia kutaka kujitoa uhai. Mwalimu asiingie na kurasa hizo darasani kabla ya kuzisoma peke yake hadi mwisho. Nasaha yangu ni kwamba sehemu ya kwanza isomwe yote kwa sauti, na sehemu ya pili ichaguliwe vipande kwa busara, na mengine mwalimu ayasimulie kwa maneno yake, maana katika darasa hilo wapo watoto ambao mambo kama hayo hawakuyapata vitabuni.

Sasa mpango wenyewe. Mwalimu anayeandika azimio la kazi kwa kuanza na sura ya kwanza ya kitabu aghalabu hufikia mwisho wa muhula akiwa bado katika sura ya tano. Mwalimu anayeanza na kazi ya mwisho hujua kila kipindi kinamfikisha wapi. Na aamue kwanza kwamba, mathalan, mwishoni mwa wiki sita kila mwanafunzi ataleta insha ya Kiingereza ya maneno yapata 300, yenye swali moja, jibu lake, na ushahidi wa watu wasiopungua watatu. Tukichukua vipindi vitano kwa wiki, kila kimoja dakika 40, tunapata vipindi 30, yaani saa 20 tu. Saa hizo na zigawanywe: vipindi 12 vya kusoma riwaya, vitatu vya kutafuta swali, vitano vya kujiandaa kuhoji na kuleta habari, sita vya kuandika rasimu, na vinne vya kusahihisha na kusomeana. Hapo ndipo andalio la somo la kila siku lipate kuandikwa, likiwa na shabaha moja inayoweza kuonekana kwa macho kengele itakapolia.

Yamkini mwalimu atauliza: vitabu viko wapi? Naam, katika shule nyingi za nyanda hizi nakala moja ndiyo darasa zima, na huko Nduta, katika miaka ya mwanzo ya kufunguliwa tena, madarasa mengine yalifanyika chini ya miti. Lakini nakala moja si kikwazo kama mwalimu ana sauti na karatasi ya manila. Usiku wa kuamkia kipindi na anakili aya moja tu, ya mistari kumi hivi, kwa herufi kubwa, aitundike penye ubao au penye shina la mti. Sura nzima aisome kwa sauti, na aya ile waisome wote, waipekue neno kwa neno, waitie katika madaftari yao. Kwa njia hiyo, baada ya vipindi 12, kila mwanafunzi huwa na aya 12 za Kiingereza kizuri kwa mwandiko wake mwenyewe, nazo ndizo atakazozirejea atakapotaka kujua sentensi njema inasimamaje.

Swali huzaliwa wapi? Huzaliwa pale ambapo kitabu kinagusa jambo ambalo mwanafunzi anaweza kuliendea kwa miguu yake. Katika riwaya hii, Njoroge anapokwenda shule, kaka yake Kamau anapelekwa kwa seremala Nganga akawe mwanagenzi, naye anarudi nyumbani akinung'unika kwamba fundi hamfundishi kama inavyopasa. Isomwe aya hiyo, kisha mwalimu aulize: je, hapa petu kijana hujifunza ufundi vipi? Mwanafunzi mmoja atasema anataka kuandika juu ya mafundi cherehani. Hilo bado ni neno, si swali. Mwalimu na amwulize, fundi gani? Wa gulioni. Unataka kujua nini kwake? Jinsi anavyofundisha. Kufundisha nini, kupima, kukata, au kushona? Hapo mtoto hunyamaza kidogo, kisha hupata: mwanagenzi hukaa muda gani kabla ya kukabidhiwa kitambaa cha mteja akikate mwenyewe? Na kwa nini muda huo? Sasa swali limepatikana, maana linajibika, jibu lake halijulikani kwa yeyote darasani, mwalimu akiwemo, na mtu wa kulijibu ameketi hatua chache kutoka hapo akikanyaga cherehani yake.

Sharti la kujibika lina uzito wa pekee Nduta, kwa kuwa sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi kukaa katika eneo alilotengewa na kutotoka bila kibali. Kwa hiyo swali la mwanafunzi wa kambini lazima liwe na mashahidi ndani ya kambi, na wa kijijini awe na wake kijijini. Na mwaka mmoja swali hilohilo likiulizwa pande zote mbili, mwalimu atakuwa na insha za kulinganisha zisizopatikana katika maktaba yoyote. Zaidi ya cherehani kuna ufugaji wa nyuki, ambao ni kazi ya jadi katika misitu ya Kigoma. Kuna uashi, kinyozi, ufundi wa baiskeli. Na kwa wazee wa Kiha kuna habari za safari za manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, ambazo baba na babu wengi wa nyanda hizi walizifunga katika ujana wao.

Mwanafunzi anapokwenda kuhoji, aende kwa adabu: amwamkie fundi, aseme ametumwa na nani na kwa ajili gani, aombe ruhusa ya kuandika, na asimkatishe mtu anayepima nguo. Aulize kwa lugha ya mhojiwa. Kiha na Kirundi husikilizana kwa kiasi kikubwa, na Kiswahili kipo kwa wote. Hakuna haja ya kumtaabisha fundi kwa Kiingereza. Ukurasa wa daftari na ugawanywe safu nne: niliyoyasoma, niliyoambiwa, niliyoyaona, na ninayoyadhani. Fundi akisema kwamba mwanagenzi alianza kukata baada ya miezi minane, hiyo ni safu ya pili. Kijana akionekana anatia vifungo na kupiga pasi ya mkaa huku mkasi ukiwa mkononi mwa fundi, hiyo ni safu ya tatu. Dhana kwamba fundi anachelewesha kwa sababu kitambaa kilichoharibika hulipwa na yeye, hiyo ni ya nne, nayo hubaki huko mpaka fundi mwenyewe aulizwe. Mtoto aliyezoea safu hizo nne amepata msingi wa ilimu yote ya utafiti, kwa maana wanazuoni wakubwa nao hukosea pale safu ya pili inapomwagika katika ya kwanza, au ya nne ikajivika nguo za ya tatu.

Kazi ya kuyavusha maneno hayo kuingia katika Kiingereza ndiyo somo lenyewe la lugha, na hapa mwalimu na asiende haraka, kwani vikwazo vitatu vinamngoja mtoto. Cha kwanza ni jinsia: Kiswahili na Kirundi humtaja mwanamume na mwanamke kwa kiambishi kimoja, ilhali Kiingereza kinalazimisha kuchagua baina ya he na she, na mwanafunzi huanza habari ya fundi wa kike na kuimaliza akiwa wa kiume. Cha pili ni nyakati: sisi twasema fundi alisema kwamba anafanya kazi peke yake, na kitenzi cha pili kinabaki katika wakati uliopo, lakini Kiingereza aghalabu hukirudisha nyuma kifuatane na kile cha kwanza. Cha tatu ni vile vineno a na the, ambavyo lugha zetu hazina, lakini zina daraja lake: msimulizi wetu huanza kwa kusema fundi mmoja, na akimrudia husema yule fundi. Mwanafunzi akionyeshwa kwamba jambo hilo analifanya tangu utotoni katika ngano za nyumbani, huacha kuvitupa vineno hivyo ovyo kama chumvi.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo. Asiwepo mwalimu, hata kwa nia njema, atakayemtuma mtoto wa Nduta au wa Nyarugusu akaulize watu jinsi walivyokimbia, walivyopoteza, na nani aliuawa. Wakimbizi wa Burundi waliofika mwaka 1972, waliofika 1993, na waliofika 2015 wana habari hizo, nao watazitoa wakitaka, kwa mtu wamtakaye. Si haki zifanywe zoezi la kupata alama. Utafiti wa shule na uulize juu ya kazi za mikono, maarifa, mbegu, zana. Mtu anayeulizwa anachokijua hujiona ana hadhi. Na mtoto wa mkimbizi anayemsikia baba yake akieleza ufundi wake kwa fasaha humwona baba huyo upya.

Rasimu zikisha kusahihishwa, liko somo moja la mwisho ambalo halimo katika mitihani. Mwanafunzi arudi kwa fundi na insha yake, amfasirie kwa Kiha, Kirundi au Kiswahili aliyoyaandika juu yake. Mara nyingi fundi atatikisa kichwa kwa ridhaa. Lakini huenda akainua mkono na kusema, hapana mwanangu, sikusema miezi minane kwa kila mwanagenzi. Nilisema huyu, kwa kuwa mkono wake ni mwepesi. Naye mtoto ataketi papo hapo kando ya cherehani, atakata mstari mmoja wa Kiingereza alioutaabikia siku tatu, na ataandika mwingine ulio mrefu kidogo na wa kweli zaidi. Mwalimu na aitafute alama ya mstari huo uliokatwa katika daftari la kila mwanafunzi, na akiikuta, ajue kwamba wiki zake sita hazikupotea.